Kile kijia cha Cotswolds mnachokisifia kina kesi nyuma yake

Kuna video ya aina moja inayorudi kila baada ya muda kwenye magrupu ya wakimbiaji, hasa ya Waswahili tulioko huku Ulaya. Asubuhi, ukungu, mtu anakimbia katikati ya kijiji cha Cotswolds, eneo la vilima na vijiji vya kale England, nyumba za mawe ya rangi ya asali, kanisa la kale, anasukuma kageti ka mbao na kuibukia kwenye malisho ya kondoo kana kwamba shamba ni la babu yake. Maoni chini yake ni yale yale: wenzetu wanajua kutunza, wazungu wanaheshimu mazingira, kwetu hapo pangeshapimwa viwanja. Halafu Desemba 2024 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba itaifuta tarehe ya mwisho ya kusajili vijia vya kale, na kwenye magrupu yale yale watu wakafunga mjadala: njia zimeokoka, tuvae raba tukakimbie.

Mimi naona hapo watu wameelewa vibaya mambo mawili kwa mpigo, na chanzo ni kimoja, kudhani kwamba kijia ni sehemu ya mandhari kama ulivyo mti au kilima. Kijia cha England (nasema England makusudi, Scotland wana sheria yao) ni haki ya watu kupita kwenye mali ya mtu mwingine, na haki hiyo inahitaji vitu viwili ili iendelee kuishi: iandikwe kwenye ramani rasmi, na wawepo watu wanaoipita na kupiga kelele ikizibwa. Kufuta tarehe ya mwisho kunasaidia hilo la kwanza, tena kwa kiasi. Hili la pili halijaguswa kabisa, na sisi wakimbiaji tunalidhoofisha wenyewe kwa namna tunavyochagua njia zetu kwenye simu.

Tuanze na kitu ambacho video haioneshi. Ardhi anayoikimbia yule jamaa ina mwenyewe, mara nyingi mkulima au familia yenye hekta zake tangu enzi za mababu, na kinachompa ruhusa ya kuwa pale ni mstari tu. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, za skeli ya 1:25,000 utauona kama vistari vya kijani vinavyokatiza mashamba, na ukifika kwenyewe unakuta mshale kwenye nguzo, wa njano maana yake kwa miguu tu, wa bluu maana yake farasi na baiskeli pia ruksa. Ukiwa ndani ya mstari huo una haki kama uliyonayo barabarani, utembee au ukimbie ni juu yako, mwenye shamba hawezi kukufukuza hata kama unapita mbele ya dirisha la jikoni kwake wakati familia inakunywa chai. Ukitoka hatua kumi pembeni, kwa sehemu kubwa ya nchi, umeshaingia kwa mtu bila hodi. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za namna hii, yaani unaweza kuizunguka dunia mara tano na ukabakiwa na chenji. Hii sio hifadhi ya taifa wala mradi wa utalii, na kwa kweli sijui nchi nyingi ambazo tajiri mwenye ardhi anavumilia jambo kama hili. Wa hapa nao hawakuvumilia kwa hiari.

Na hakuna aliyezichora njia hizi kwa ajili ya mazoezi. Zilikuwa za kazi. Kibarua alitoka nyumbani alfajiri kwenda shamba la bwana wake, mwanamke alikwenda kusaga nafaka kwenye kinu cha maji, watoto walikwenda shule, Jumapili wote walikwenda kanisani, na ndio maana ukifuata vijia vya zamani unajikuta kila mara umetokea mlango wa kanisa au kwenye daraja la mto. Kule Wilaya ya Maziwa (Lake District, kaskazini magharibi mwa England) kuna njia kati ya Rydal na Grasmere ambayo leo ni kipenzi cha wakimbiaji, tambarare kiasi, ziwa chini yako, kivuli cha kutosha. Ilikuwa njia ya maiti, watu wa upande wa Ambleside waliwabeba wafu wao mabegani kwenda kuzika kanisa la St Oswald kule Grasmere, na jiwe la kupumzishia jeneza bado lipo pembeni ya njia. Watu wanaliegemea kunyoosha misuli. Sisemi ni vibaya, nasema tu ujue umeegemea nini.

Chukua mfano wa Chipping Campden, mji mdogo ambao ndio mwanzo wa Cotswold Way, njia ya kilomita 164 hadi Bath. Kipande cha kwanza hadi Broadway kina kama kilomita 10 na kama hujawahi kukimbia vijijini England ningekuambia anzia hapo. Unaanza kwenye soko la mawe la mwaka 1627, limefunguka pande zote, sakafu yake ya kokoto imebonyea kwa miguu ya karne nne na ukizembea itakuteguza kifundo hata kabla mbio hazijaanza. Pesa iliyojenga mtaa ule ilitokana na sufu, na kanisani pale amezikwa William Grevel, mfanyabiashara wa sufu aliyefariki 1401, kondoo ndio walikuwa mafuta ya petroli ya zama zile. Unapanda kichochoro, unatoka kwenye nyumba, unakata shamba, unafika ukingo wa mlima unaoitwa Dover's Hill, bonde lote la Evesham limetandazwa chini. Kisha ukanda mrefu wa majani wanauita Mile Drive, halafu Broadway Tower, mnara wa miaka ya 1790 ambao haukuwa na kazi yoyote ya maana, pambo la tajiri juu ya kilima, na mwisho mteremko wa malisho na mageti mpaka barabara kuu ya Broadway ambako kikombe cha kahawa kitakuchukua pesa ya mlo mzima.

Lakini rudi Dover's Hill, kwa sababu hadithi yote iko pale. Kuanzia mnamo 1612 mwanasheria mmoja, Robert Dover, aliendesha michezo ya watu wote mahali hapo, mbio, mieleka, kuruka, mbio za farasi, na ule mchezo wa ajabu wa kupigana mateke ya miundi ambao bado upo mpaka leo. Aliiita ya Kiolimpiki, karibu karne tatu kabla ya ile ya Athens ya 1896. Ilikatizwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe, ikarudi, ikaendelea mpaka 1852. Iliuliwa na nini? Kulikuwa na malalamiko ya ulevi na vurugu, ni kweli, lakini pigo la mwisho lilikuwa ardhi. Ile ardhi ya pamoja iliyokuwa uwanja wa michezo iligawanywa kwa wamiliki, ikazungushiwa ua, na watu wakakosa mahali pa kukimbilia. Michezo ilifufuliwa 1951 na tangu miaka ya 1960 inafanyika karibu kila mwaka, na mtalii anayeiona leo anadhani imekuwepo mfululizo tangu enzi za wafalme. Haikuwepo. Ilikufa ua ulipopandwa.

Na hapo palikuwa sehemu moja tu. Kati ya 1604 na 1914 bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa na kuzungushia ua ardhi ya pamoja, jumla ekari karibu milioni 6.8. Kabla hata ya hapo kuna vijiji vizima vilifutwa ili kondoo wapate majani: nenda Wharram Percy kule Yorkshire, njia ya Yorkshire Wolds Way inapita pale, utakuta ukuta wa kanisa lisilo na paa na mabonde ya nyasi yaliyokuwa mitaa ya watu. Kwa hiyo ile mandhari ya utulivu, kondoo wametapakaa, hakuna mtu kwa maili mbili, ambayo mwenzetu kwenye video anaiita asili, sehemu yake ni matokeo ya watu kuhamishwa. Mtu wa Afrika Mashariki anayejua habari za wanavijiji kupisha mashamba makubwa hapaswi kuhitaji maelezo marefu hapa, inashangaza tukifika Cotswolds tunasahau ghafla.

Kuna jambo lingine linatuhusu moja kwa moja. Mbio za nyika zilizaliwa kwenye mashamba haya haya. Wavulana wa shule za matajiri kama Shrewsbury walikuwa wanafukuzana mashambani mwanzoni mwa karne ya 19, wanaruka ua na vijito kwa mtindo wa msako wa sungura, na klabu ya kwanza ya watu wazima, Thames Hare and Hounds, ilianza 1868. Hata kile kiunzi cha maji kwenye mbio za mita 3,000 kuruka viunzi, ambazo Wakenya walizimiliki kwa miongo, ni kumbukumbu ya watu kushindana kuruka mitaro na kuta kutoka mnara wa kanisa hadi mnara wa kanisa. Wanaume wa Kenya walitwaa ubingwa wa dunia wa timu wa mbio za nyika mara 18 mfululizo, 1986 hadi 2003, na Paul Tergat alichukua taji lake la kwanza kati ya matano mfululizo hapo hapo England, Durham, 1995. Sasa linganisha: watoto wa wakubwa kukatiza shamba ilikuwa michezo, lakini Aprili 24, 1932, vijana wa viwandani wa Manchester na miji jirani, kama 400 hivi, walipopanda Kinder Scout kwa makusudi kudai haki ya kutembea kwenye vilima vilivyofungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege, watano waliishia jela kati ya miezi miwili na sita. Kiongozi wao Benny Rothman alikuwa na miaka 20. Alipewa minne.

Kelele za watu kama hao, pamoja na kazi ya vyama kama Ramblers, chama cha watembea kwa miguu kilichoanzishwa 1935, ndizo zilizaa sheria ya 1949. Sheria hiyo ilianzisha hifadhi za taifa, ila kwa mkimbiaji wa vijijini kipengele kikubwa zaidi kilikuwa kile cha ramani: kila halmashauri ya kaunti itengeneze ramani rasmi ya njia za umma, na njia ikishaandikwa humo hakuna tena ubishi. Kazi ya kukusanya taarifa wakapewa sana sana mabaraza ya parokia (ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, si ya kanisa), watu wa hapo hapo kijijini. Wengine waliifanya kwa moyo, walitembea kila njia na kuandika kila ngazi ya kuvukia ua. Wengine mwenyekiti wa baraza ndiye aliyekuwa mwenye shamba, au watu wote mezani walikuwa wapangaji wake, unadhani waliandika nini? Ndio maana mpaka leo utakuta njia inakuja vizuri kabisa halafu inafika mpaka wa parokia na kukatika katikati ya shamba, hakuna mto, hakuna ukuta, imekatika tu. Wazee wa karne ya 18 hawakuwa wanatembea mpaka katikati ya shamba la ngano na kurudi nyumbani. Njia iliendelea, aliyetakiwa kuiandika upande wa pili ndiye hakuiandika.

Sheria ya mwaka 2000 ikaleta neema na sumu kwenye kikombe kimoja. Neema: haki ya kuzurura kwenye milima, nyika za juu na ardhi ya pamoja iliyosajiliwa. Sumu: njia yoyote iliyokuwepo kabla ya 1949 na haijaandikwa kwenye ramani ifikapo Januari 1, 2026, haki yake ingezimwa. Ramblers waliwaweka watu wa kujitolea kulinganisha ramani za zamani na za sasa wakaona zaidi ya maili 49,000 za njia zinazoweza kuwa zimepotea England na Wales. Serikali ikasema 2022 itaifuta tarehe, 2023 ikageuka ikaisogeza hadi 2031, Desemba 2024 serikali nyingine ikasema itaifuta kabisa pale bunge litakapopata nafasi. Mtu akikuambia jambo hili limekwisha, mkumbushe kwamba ahadi hii hii iliwahi kutolewa na ikaliwa ndani ya muda mfupi.

Sasa wenye ardhi wana hoja, na hoja yao kubwa sio ya kudharau. Umenunua nyumba ya shamba, mwanasheria wako amepekua kila karatasi, hakuna njia, umekaa miaka kumi na tano watoto wanacheza uani, mara mtu anakuja na ramani ya miaka ya 1840, iliyochorwa kwa ajili ya kukadiria zaka ya kanisa, anakuambia njia ya umma inapita kati ya mlango wako na banda. Hata mimi ningepandwa na hasira. Njia nyingi zinapita katikati ya maboma ya mashamba kwa sababu zamani nusu ya kijiji kilifanya kazi humo, leo humo kuna trekta linalorudi nyuma na mama mmoja anayefanya kazi nyumbani. Ongeza mbwa wanaofukuza kondoo wenye mimba wakati wa machipuko, ongeza ng'ombe, maana ng'ombe wa England wanaua watu kila mwaka na mkimbiaji anayewakurupusha wakiwa na ndama anajitafutia. Sheria yenyewe inakataza kuweka dume wa ng'ombe wa maziwa aliyezidi miezi kumi kwenye shamba lenye njia ya umma, lakini mama mwenye ndama hakuna anayemkataza. Jibu la hoja hii lipo, ni kuhamisha njia, sheria inaruhusu kuipeleka pembeni ya boma, na nadhani watetezi wa njia wanafanya makosa wanapopinga kila ombi la kuhamisha eti historia inapotea. Historia ya mita arobaini kuzunguka ghala naweza kuiachia.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayotolewa kwa sauti ya busara zaidi: njia isiyotumika haina haja ya kuwepo, watu wenyewe wameiacha. Kwanza mahakama za England kwa muda mrefu zinashikilia kwamba njia ya umma ikishakuwa ya umma inabaki hivyo mpaka ifutwe kisheria, kutotumika hakuiui. Pili, uliza kwa nini haitumiki. Mwisho wa kiangazi mmoja nilikuwa nakimbia kusini mwa England kwa ramani ya karatasi, nikavuka ngazi ya mbao kwenye ua wa michongoma, mshale wa njano unaonekana vizuri kabisa, na mbele yangu ukuta wa mahindi. Ndiyo, mahindi, wanalima ya kulisha ng'ombe, yamenipita kichwa, yamepandwa mistari imebanana hadi mguuni pa ngazi. Sheria inamtaka mkulima aache angalau mita moja wazi pale njia inapokata shamba, na akilima airudishe ndani ya siku 14. Hakukuwa na hata upana wa sahani. Nikapita pembeni nikifuata nyayo za waliofanya hivyo kabla yangu, nikachanwa mikono na majani yale kama mwizi wa gobo, na nilipofika upande wa pili ngazi ya kutokea ilikuwa imeoza na imefungwa kwa waya wa miiba. Wape misimu mitatu ya hivyo watu wa hapo, wataacha kupita. Halafu mwenye shamba atakuja kikaoni kusema unaona, haitumiki. Anayeziba mlango hapaswi kuruhusiwa kuhesabu wageni.

Kuna wanaosema basi wakimbiaji waende vilimani, huko mmepewa uhuru tangu 2000. Ardhi hiyo ya kuzurura ni takriban asilimia 8 ya England, na kwa sehemu kubwa iko kwenye nyanda za juu, kaskazini hasa. Mtu wa miji ya kusini kama Milton Keynes au Luton afanye nini Jumanne jioni baada ya kazi? Wengine wanakwenda upande wa pili kabisa, wanataka England ifuate Scotland, ambako sheria ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupita karibu popote mradi awe na adabu, na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Mei 2025 iliyolinda haki ya kulala kwenye mahema Dartmoor, nyika ya kusini magharibi mwa England, imewapa nguvu mpya. Nawaunga mkono moyoni, ila kwa mbio za vijijini naona wanakosa kitu. Uhuru wa kuzurura haukupi daraja. Hauondoi waya, haujengi ngazi, haufyeki miiba, na kwenye nchi iliyokatwakatwa kwa ua kama England ya kusini, haki ya kuwa shambani bila tundu la kutokea upande wa pili inakuacha umesimama na kondoo. Mstari ulioandikwa ndio unaomlazimisha mwenye shamba kutunza ngazi na halmashauri kutunza daraja. Ningechagua mstari kwanza, uhuru mtakuja kuudai baadaye.

Turudi kwenye simu. Aplikesheni za mbio kama Strava zinapokutengenezea njia zinaangalia sana watu wengine walipita wapi, penye wengi ndipo panapong'aa kwenye ramani, na wewe unapelekwa hapo hapo ukaongeze mwanga. Mtu akiweka video ya Arlington Row kule Bibury, nyumba zile za wafumaji, kesho yake wanakwenda hamsini, kijiji chenyewe kina wakazi mia kadhaa na wameshachoka na mabasi ya watalii kiasi cha kudai yazuiwe, sasa na sisi tunaingia na saa zetu zinazolia kila kilomita. Wakati huo huo, kilomita chache kutoka hapo, kuna kijia kinachopita nyuma ya banda la nguruwe na kituo cha umeme, hakina picha, hakuna aliyekipita mwezi mzima, haking'ai, aplikesheni haijui kama kipo. Kibaya zaidi ni ule mchezo wa mahindi: sote tulipita pembeni, GPS zetu zikarekodi pembeni, na mwakani ramani ya mwanga itamwonesha mgeni kwamba njia ni ya pembeni, wakati pembeni hakuna haki yoyote na siku mkulima akiamua kupaziba hatadaiwa kitu. Aplikesheni nyingi hazioneshi hadhi ya kisheria ya mstari. Zinaonesha tabia yetu, na tabia yetu inaweza kupangwa na mwenye waya.

Nimesikia utetezi kwamba teknolojia imeleta watu wapya mashambani, na hilo nalikubali bila kinyongo. Mtu mweusi anayekimbia peke yake kijijini England bado anaangaliwa, sio kila mahali, sio kila mara, lakini mapazia yanasogea na kuna yule mzee wa mbwa atakayekuuliza kama umepotea kwa sauti ambayo haitafuti jibu. Kikundi cha Black Trail Runners kilianzishwa 2020 kwa sababu kama hizo, na kwa mgeni asiyejua kusoma mshale wa njano, simu inayosema pita hapa wenzako wamepita ni ujasiri. Sawa. Ila ujasiri wa kweli unatokana na kujua mstari ni wako. Yule mzee na lodi mwenye shamba na mimi niliyekuja na begi moja tuna haki ile ile ndani ya mita ile moja, na hata ushahidi wetu una uzito ule ule, kwa maana sheria ya 1980 inasema njia iliyotumiwa na umma kwa miaka 20 bila kuzuiwa wala kuomba ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa kwa umma, na fomu ya ushahidi haiulizi umezaliwa wapi.

Ndio maana nasema tangazo la Desemba 2024 limesherehekewa kuliko linavyostahili. Maombi ya kusajili njia yamerundikana kwenye halmashauri ambazo bajeti zake zimekatwa tangu 2010, ofisi ya njia za umma mahali pengine ni watu wachache na simu isiyopokelewa. Kila ombi linahitaji mtu wa kukaa na makaratasi. Mengine yanapendeza mno: mwaka 1910 serikali ilithamini ardhi yote ili itoze kodi, na mwenye ardhi aliyekiri kuwa na njia ya umma alipunguziwa thamani, kwa hiyo leo kule Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa kuna madaftari ambamo babu alikiri njia ili akwepe kodi na mjukuu anakana njia ile ile ili apandishe bei ya nyumba. Lakini daftari halijisomi. Tarehe ya mwisho angalau ilikuwa inawakimbiza watu, iliwaamsha wazee wa kujitolea wakakesha na ramani. Ukiiondoa bila kuongeza ofisa hata mmoja, foleni haitapungua, itapoteza tu haraka yake, na wale wazee wanaokumbuka njia ya shule ya mwaka 1960 hawatangoja.

Kwa mkimbiaji, hilo linabadilisha Jumamosi yake. Chukua ramani yenye vistari vya kijani, ya karatasi au ya simu, tafuta kile kisichong'aa kwenye aplikesheni, kipite, pita katikati ya mstari na sio pembeni, na ukikuta kufuli au waya piga picha na uandike kwa halmashauri siku hiyo hiyo. Sheria inamruhusu mtu yeyote, awe mkazi au mpita njia, kuipelekea halmashauri notisi rasmi ya kuitaka iondoe kizuizi cha namna hiyo, na ikizembea anaweza kwenda mahakama ya hakimu. Na kwa anayesubiri ombi la usajili, ikipita miezi 12 halmashauri haijaamua, anaweza kumwandikia waziri ailazimishe iamue. Wengi hawajui, na halmashauri hazina sababu ya kuwatangazia. Uchaguzi wa kaunti ukija wagombea watakuja milangoni kuongelea mashimo ya barabarani. Waulizeni ofisi ya njia ina watu wangapi na foleni ni ya miaka mingapi, halafu muone wangapi wanajua kwamba ofisi hiyo ipo.